Namba ya Mkulima

Ukitamka neno "ruzuku" kijiweni kwetu, Mtaa wa Mchikichi, watu wote wanawaza vyama vya siasa. Utaambiwa chama fulani kimegawanyika kwa sababu ya ruzuku, katibu kazila, mwenyekiti kanuna, ofisi imepigwa kufuli mbili na kila mmoja ana ufunguo wa moja. Ndiyo ruzuku tuliyokulia nayo sisi watoto wa mjini tangu vyama vingi viruhusiwe tena 1992. Kwamba neno hilo ni ndugu wa damu wa "riziki", kwamba wazee wakiomba Mungu awaruzuku hawaombi gari la chama, hilo tunalikumbuka msikitini tu au kanisani, halafu tunalisahau mlangoni tukivaa viatu.

Mimi neno hilo lilinifikia upya kwa simu ya mama.

Lakini kwanza, ndugu msomaji, nikueleze niko wapi. Mimi ni karani wa duka la pembejeo hapa Kariakoo. Tunauza mbegu za mchicha, nyanya, kabichi, dawa za kuua wadudu, mabomba ya kupulizia, na mbolea ya maji ile ya chupa ambayo watu wa Goba na Kibamba wananunua kwa ajili ya bustani zao za uani. Mzee wetu, mwenye duka, zamani alikuwa na kizimba ndani ya jengo kubwa la soko, lile alilolichora msanifu Beda Amuli na kujengwa miaka ya sabini mwanzoni, lenye paa kama miavuli iliyogeuzwa. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko likaungua. Mbegu zake zote zikaishia humo. Akahamia kwenye fremu ya kupanga, na mimi nikahama naye pamoja na daftari langu la mauzo, ambalo kwa upande wa nyuma lina mashairi na hadithi tatu ambazo hazijaisha.

Kwa hiyo naweza kusema nauza kilimo kuanzia asubuhi hadi jioni, na sijashika jembe tangu darasa la saba.

Mama yupo kijijini, upande wa Makambako, mkoa wa Njombe. Analima ekari mbili za mahindi. Moja ni ya marehemu baba, moja ya kukodi. Mwaka 2022 dunia ilikuwa imevurugika. Korona ilikuwa imekwisha kuchelewesha meli, kisha Februari mwaka ule Urusi ikaivamia Ukraine, na gesi ambayo ndiyo hutengenezewa mbolea ya naitrojeni ikapanda bei kama wazimu. Huku kwetu mfuko wa kilo 50 wa DAP ukapita shilingi 130,000, urea ikapita 120,000. Hesabu ya mama ni rahisi, hata asiyesoma anaiweza: ekari moja inataka mfuko wa DAP wa kupandia na mfuko wa urea wa kukuzia. Ekari mbili ni mifuko minne. Mifuko minne kwa bei ile ni nusu milioni! Mama hajawahi kushika nusu milioni ya mkupuo, labda siku ya rambirambi za baba.

Basi tarehe 8 Agosti 2022, Nanenane, kule Mbeya, Rais Samia akazindua ruzuku ya mbolea. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150. Mfuko wa DAP ukawekwa 70,000, na wa urea 70,000, serikali inalipa inayobaki. Masharti: mkulima ajiandikishe kijijini, jina, simu, ukubwa wa shamba. Akishaandikishwa anapata namba. Namba hiyo ndiyo anakwenda nayo kwa wakala wa mbolea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimepata namba."

Alivyoitamka utadhani kapata kiwanja. Akanisomea tarakimu zote, moja moja, mimi niandike huku, kwa sababu simu yake, alisema, ina tabia ya kufuta meseji zenye maana na kubakiza za bahati nasibu. Nikaiandika kwenye jalada la daftari langu, chini ya kichwa cha hadithi. Ipo hadi leo.

Nilipomsimulia mzee wa duka, akacheka kicheko kikavu. "Mkulima anaruzukiwa," akasema. "Mimi nimeungua na mbegu zangu zote, nani aliniruzuku? Mbona mimi sina namba?" Wateja wawili waliokuwepo wakamuunga mkono. Kariakoo watu wengi wanaamini kwamba mkulima ni mtu wa kuonewa huruma na pia ni mtu wa kupunguza bei, mambo mawili kwa wakati mmoja. Sikumjibu mzee, yeye ndiye ananilipa. Nakujibu wewe msomaji.

Juni ya mwaka uleule, miezi miwili kabla ya Nanenane, serikali ilitoa shilingi bilioni 100 kupunguza makali ya bei ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Ilikuwa ruzuku ya mwezi mmoja, na iliendelea miezi iliyofuata. Sasa niambie, ni nani katika daladala ya Gongo la Mboto aliandikishwa? Ni nani alipewa namba? Mwenye Prado alijaza tangi, akaruzukiwa lita kwa lita, akaondoka zake bila hata kujua kwamba ameruzukiwa. Mama yangu, kwa mifuko miwili, alitakiwa athibitishe kwamba yeye ni yeye, shamba ni lake na ekari ni moja. Sisemi ile ya mafuta ilikuwa mbaya. Na mimi nilipanda daladala. Nasema tu kwamba mjini tunapewa kwa bomba na shamba linapewa kwa foleni, halafu jioni tunakaa kijiweni tunasema mkulima anadekezwa.

Bibi mwenye nyumba wetu, Mtaa wa Narung'ombe, ana hadithi yake kuhusu misaada ya wakulima, ingawa yeye haiiti hivyo. Bibi ni Simba kufa kupona. Anasema katikati ya miaka ya sabini, mvua zilipogoma na ghala za nchi zikawa tupu, uliletwa unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani, na watu wa Dar wakaubatiza jina: Yanga. Kwa rangi tu. Ukienda dukani unauliza, "Leo kuna sembe?" unajibiwa, "Kuna Yanga." Marehemu mume wake, naye mwana-Simba, alikaa siku mbili akila mihogo kwa msimamo wa klabu. Siku ya tatu, anasema bibi, "alikula Yanga na akaomba ukoko."

Ninachokipenda katika hadithi hiyo ni kitu ambacho bibi hakijui. Mahindi yale hayakuja kwa sababu Wamarekani wana roho nzuri kuliko sisi, ingawa roho nzuri huenda nayo ilikuwepo. Tangu 1954 wenzetu wana sheria, namba yake 480, iliyotungwa kwa sababu wakulima wao walikuwa wakivuna kupita kiasi na serikali yao ikiwalinda kwa bei. Nafaka ilijaa maghalani haina pa kwenda. Kwa hiyo ikaenda kwa wenye njaa, mingine kwa mkopo nafuu, mingine bure. Ugali wa njano wa Narung'ombe ulikuwa mkia wa ruzuku ya mkulima wa kule. Mume wa bibi alikula ukoko wa siasa za bei za watu wengine!

Na wenzetu hawajaacha. Mwaka 2018, Marekani ilipoanza kugombana na China kwa ushuru, China ikapunguza kununua soya yao, serikali ya kule ikatangaza fidia ya dharura kwa wakulima na wafugaji wake, dola bilioni 12. Mwaka uliofuata ikatangaza nyingine, bilioni 16. Jumla bilioni 28, kwa sababu ya ugomvi ambao serikali yenyewe iliuanza. Bilioni 150 zetu za mbolea, kwa bei ya dola ya mwaka 2022, zilikuwa kama dola milioni 65 hivi. Sitaki kulia wivu. Nataka tu jamaa yangu wa kijiweni anayesema "wenzetu Ulaya na Marekani mkulima anajitegemea, hapewi kitu" atafute stori nyingine.

Hata hapa kwetu ruzuku si kitu cha jana. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alilima enzi zile mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ilipoitwa mikoa minne mikubwa kwa mahindi, Njombe ikiwa bado ndani ya Iringa. Mbolea ilikuwa ya bei chee, nyingine ikitoka kiwanda chetu wenyewe cha Tanga. Kiwanda kikafa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ruzuku nayo, kwa shinikizo la wakopeshaji, ikapunguzwa mwaka hadi mwaka hadi ikafika sifuri katikati ya miaka hiyohiyo. Baba mkubwa anasema ile ilikuwa kama kuachishwa ziwa na mama ambaye hayuko nyumbani. Wengine waliacha mbolea kabisa, wengine waliacha mahindi.

Ikarudi kidogo 2003, kwa kulipia usafiri. Kisha bei za chakula na mbolea zilipolipuka duniani 2007 na 2008, zikaja vocha, na Benki ya Dunia ikaongeza mkopo. Vocha ilikuwa karatasi inayolipa kama nusu ya bei ya mbegu na mbolea za ekari moja. Mkulima anatoa nusu, wakala anachukua karatasi anakwenda kulipwa. Wazo zuri. Lakini nusu nyingine mkulima aitoe wapi mwezi wa kumi na moja, wakati gunia la mwisho limeshaliwa? Ndipo yakaanza mambo. Mtu anasaini vocha, hapewi mbolea, anapewa hela kidogo ya sabuni, wakala anakwenda kudai pesa kamili. Baba mkubwa anakiri aliona kwa macho yake jina la jirani ambaye walimzika pamoja likiwa limesaini. Ilipokuja kuisha, mawakala walibaki miaka wakidai malipo yao, serikali ikisema inahakiki kwanza kwa sababu madai mengine ni hewa, na katikati wapo waliouza kweli, kwa mkopo wa benki, wakafilisika kweli. Mzee wa duka letu anamjua mmoja. Sasa anauza vocha za simu, na utani huo keshautaniwa vya kutosha, msiongeze.

Kwa hiyo namba ya 2022 ilikuja kuziba matundu ya karatasi ya 2008. Hilo nalikubali. Mfuko wenye msimbo, mkulima mwenye namba, wakala mwenye simu ya kuskani: marehemu asiweze kununua tena.

Tatizo walio hai nao ilibidi wapange foleni.

Jambo la kwanza, ekari ya kukodi ilikataa. Mwenye shamba, mtu wa mjini Njombe ambaye hajalilima miaka minne, alikuwa keshaliandikisha kwa jina lake. Mama akahesabiwa ekari moja tu. Mbolea ya ile nyingine sijui ilikwenda kupalilia nini. Jambo la pili, wakala alikuwa mji mdogo wenye barabara kuu, nauli kwenda na kurudi elfu nane, mfuko juu ya bodaboda elfu tano. Sabini elfu siyo sabini elfu tena.

Siku ya kwanza mama alifika saa mbili asubuhi, akakuta watu kama mia tatu. Mtandao ukakata saa nne. Akarudi nyumbani. Siku ya pili akaenda na kanga ya kujifunika, akalala barazani kwa wakala yule, ambaye jina namhifadhi, pamoja na wanawake wengine, mmoja ana mtoto mgongoni. Mvua ya kupandia ikanyesha usiku uleule, juu ya bati, wote wanaisikia. Hebu fikiria, msomaji. Ile mvua ambayo mwaka mzima unaiomba inakukuta umelala barazani kwa mtu, kilomita ishirini kutoka kwenye shamba lako, na huna cha kupandia. Mama aliponisimulia hakulalamika. Alisema, "Tulikuwa tunaisikiliza tu, hakuna aliyeongea."

Siku ya tatu DAP ikaisha watu kumi na mmoja mbele yake.

Akanunua mfuko wa urea. Akarudi akapanda kwa samadi ya ng'ombe wa jirani, ambayo nayo ilikuwa imepanda bei kwa sababu jirani siyo mjinga.

Sasa sikiliza Kariakoo. Wiki mbili baadaye, jioni, Kirikuu ikasimama mbele ya duka letu. Kijana kashuka, kofia usoni, anaongea kwa sauti ya chini kama muuza simu za wizi. Ana mifuko kumi na miwili ya DAP. Elfu tisini kila mfuko. Nikainua turubai. Kwenye kila mfuko, pale inapokaa karatasi ya msimbo, palikuwa na alama ya gundi tu.

Mzee akamfukuza. Si kwa uchungu wa mkulima, akasema mwenyewe, bali kwa uchungu wa leseni yake. Mimi nikatoka nyuma, nikamkimbilia kijana hadi kona ya Mtaa wa Livingstone. Nikamwambia anisubiri. Nikampigia mama.

Nilimweleza yote, sikuficha. Kwamba mbolea hii bila shaka imetoka kwenye namba ya mkulima mwingine, huenda hata wa wilaya yake. Imeshuka bandarini hapa Dar, imepanda lori hadi bara, imeibwa, imeteremshwa zaidi ya kilomita mia sita kurudi hapa, na mimi nataka kuipandisha tena. Nikanyamaza nisikie hukumu. Sisi waandishi tunapenda wazazi wa kijijini watoe hukumu. Katika hadithi zetu, za kwangu zikiwemo, mama wa kijijini lazima atasema jambo la hekima, kuna kuku anapita, jua linazama.

Mama akasema, "Nunua miwili."

Nikamuuliza kama kanielewa. Akasema kaelewa sana. Mahindi yalikuwa na majani manne, yanaanza kugeuka rangi ya zambarau pembeni, ambayo ni dalili ya kukosa fosforasi. Hilo hata mimi nalijua, limeandikwa kwenye bango dukani kwetu. "Aliyeibiwa ameshaibiwa," akasema. "Mimi nami nimeshalala barazani."

Nikarudi kona ile mbio. Kirikuu haikuwepo. Nilizunguka hadi Msimbazi, nikauliza wapagazi, hakuna aliyeona kitu; Kariakoo ikitaka kutoona haioni. Mwisho nikaazima kwa mzee, nikamtumia mama 140,000 kwa simu, akanunua mfuko mmoja wa DAP kwa bei kamili kwa mtu wa kati, ambaye naye sijui aliupata wapi. Akaugawa nusu kwa nusu ekari mbili, kijiko badala ya kizibo. Msimu ule alipata gunia kumi na tatu kutoka ekari zote mbili. Mwaka mzuri ekari moja peke yake humpa kumi na tano.

Nimefikiria sana ile "nunua miwili". Kuna rafiki yangu, mshairi, aliniambia nikiandika niibadilishe, nimfanye mama akatae, msomaji atampenda zaidi. Nikamwambia msomaji akitaka kumpenda mama yangu ampende na njaa yake.

Tusidhani pia kwamba ni mbolea tu. Wafugaji wana yao. Baada ya ukame wa 2009, kule Longido, Monduli na Ngorongoro, serikali ilinunua ng'ombe na kuzigawia familia zilizobaki bila hata mmoja. Watu wakaiita kifuta machozi. Nimeipenda lugha hiyo. Na mkulima ambaye tembo wamemaliza shamba lake analipwa kitu ambacho sheria yenyewe inakiita kifuta jasho. Si fidia. Kitambaa tu, ujifute, uendelee. Serikali imekuwa mkweli kwenye jina, hata kama haikukusudia.

Msimu uliofuata, 2023, mambo yalikuwa nafuu kwa mama. Wakala alisogea hadi makao makuu ya kata, foleni ilikuwa ya saa tatu, si siku tatu. Mama alipata DAP na urea kwa wakati, akapanda na mvua ya kwanza. Shamba la kukodi amelirudisha kwa mwenyewe. Kwenye ekari ya baba akavuna gunia kumi na sita. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema ruzuku ni upuuzi, na nikiwaona kijiweni nabishana nao hadi kahawa inapoa. Gunia kumi na sita ni karo ya mdogo wangu.

Gunia moja alinitumia mimi kwa lori la viazi. Nikalipokea alfajiri, nikakodi mkokoteni hadi Narung'ombe, tukapeleka debe moja mashineni. Bibi mwenye nyumba akapika yeye mwenyewe, akaupakua, akaukata kwa mwiko, akautazama kwenye mwanga wa balbu.

"Mweupe," akasema. "Huu sasa wa Simba."

Tukala kwa dagaa. Baada ya kunawa akaniuliza mama yangu anaweza kumletea gunia jingine kwa bei gani. Nikamtajia bei aliyonitajia mama, pamoja na nauli ya lori.

"Ghali hivyo!" bibi akasema. "Na mbolea mmepewa na serikali?"

Nikamwambia aende Tandale, akasikie bei za huko kwanza, halafu arudi tuongee.